Saa ya Baba Ndani ya Kopo la Nyirinyiri

Walimu wangu na rafiki zangu wa shule,

Tangu nirudi, kila mmoja wenu akija jikoni kuchukua chai ananiuliza, "Alinoor, ile saa iliishia wapi?" Nikianza kusimulia kengele inalia, mnaondoka na vikombe. Kwa hiyo kila mtu ana kipande chake, na vipande havifanani. Mwalimu wa hesabu anaamini niliibiwa. Mwalimu wa dini anaamini niliuza. Nimeona niandike yote, karatasi ipite kwenye meza zenu. Mimi niliishia darasa la sita, basi mkiona kosa msilitie wino mwekundu. Mnajua ni nani anayepima sukari ya chai yenu.

ELWAK, NYUMBANI

Baba alipofariki aliacha ngamia, mbuzi, nyumba na saa moja ya mkono. Ngamia na mbuzi waligawanywa asubuhi moja tu, kwa sababu sheria ya mirathi inajulikana na ngamia anahesabika. Saa ndiyo iliyotushinda. Haikatiki vipande. Lazima thamani yake ijulikane, mmoja aichukue, wengine wafidiwe.

Saa hiyo baba alipewa na injinia wa visima ambaye alimwonyesha njia porini kwa miezi mingi. Siku ya kuagana yule injinia aliivua mkononi mwake akampa. Sote tulikua tukiamini ni shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Sasa siku ya kugawana, mjomba aliiweka kiganjani, akaipandisha na kuishusha, akasema, "Hii ni nzito. Shaba haina uzito huu."

Hapo taabu ikaanza. Nyinyi mliotoka bara labda hamwoni taabu iko wapi, basi nieleze. Kwetu Waislamu mwanamume havai dhahabu. Mwanamke anavaa atakavyo, mwanamume hapana. Na baba aliivaa saa ile miaka arobaini, sokoni, msikitini, mpaka kitanda cha hospitali. Kama ni dhahabu, basi... Hooyo, yaani mama yangu, hakuimaliza sentensi hiyo. Aliinuka akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Dada yangu Halima yeye aliomba iwe dhahabu. Simlaumu. Anauza maziwa ya ngamia sokoni, yanamchachia kabla ya adhuhuri, anataka friji. Sheria inampa nusu ya ninachopata mimi na hajawahi kulalamika. Alisema tu, "Nusu yangu iwe nusu ya kitu cha kweli." Kwa hiyo nyumba ilikuwa moja na dua mbili, na mimi niliyetumwa Garissa kuipima sikujua niitikie amina kwa nani. Tulimwuliza sheikh. Akasema tujue kwanza ni kitu gani, halafu tuje na maswali.

Kwa nini nilitumwa mimi? Kaka yangu mkubwa alisema ni kwa sababu mimi ni mwaminifu. Nadhani alimaanisha shule imefungwa na sina shughuli.

Ikabaki namna ya kuibeba. Kuivaa sikuweza, huenda ni dhahabu. Mfuko wangu mmoja umetoboka na wa pili una simu. Hooyo ndiye aliyepata jibu: aliifunga kwa karatasi ya nailoni, akaizamisha katikati ya kopo la nyirinyiri. Kwa wageni miongoni mwenu, hiyo ni nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kulazwa ndani ya mafuta, inakaa miezi bila kuharibika. "Mwizi anatafuta mfukoni," Hooyo alisema. "Hatafuti ndani ya mafuta." Sote tuliona ni akili kubwa, mimi wa kwanza, ndiyo maana simtupii mtu mmoja lawama.

ELWAK MPAKA LAGANI

Basi lilitoka vizuri, tukapita Kotulo vizuri. Mbele kidogo tukakuta laga, yaani mto wa msimu, imejaa. Ile laga ambayo mwaka mzima ni mchanga wa kuchezea watoto, siku hiyo ilikuwa inabeba miti. Dereva akazima injini. Abiria mmoja akamwuliza maji yatapungua lini. "Yakimaliza kupita," dereva alisema, akalala kwenye usukani.

Kulia kwangu alikuwa amekaa Dekow, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Eldas, mtu mwenye kilemba kikubwa na sauti kubwa kuliko kilemba. Kushoto alikuwa Mwalimu Wanjala, kijana wa bara anayefundisha Wajir, mgeni kabisa, na Kisomali chake kilikuwa ni salamu tu, tena nusu yake.

Mnajua desturi yetu. Safari ikikwama, chakula hakina mwenyewe. Mikeka ilitandikwa chini ya kivuli cha basi, mmoja akatoa tende, mwingine chapati, mama mmoja akafungua chupa ya chai ya maziwa. Mimi nililikumbatia kopo langu. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kuchelewa, kosa letu la kule nyumbani: tulificha kitu cha siri mahali pekee ambapo mtu wa kwetu hawezi kumkatalia mgeni mkono.

"Mpishi," Dekow aliniambia, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia kazi yangu, "hilo kopo lina mtoto mchanga? Mbona umelipakata?"

Nikasema ni la mgonjwa huko Garissa. Huo ulikuwa uongo, na nauandika hapa ili ujulikane. Dekow alisema mgonjwa akila nyirinyiri yote hiyo atakufa kwa furaha, nifungue.

Nilifungua. Mpango wangu ulikuwa kuchota pembeni kwa kijiko, kidogo kidogo, nimgawie kila mtu mwenyewe. Lakini huyo Mwalimu Wanjala alikuwa ameonywa na wenzake kwamba huku ukikataa chakula umemtukana mwenyeji. Dekow alipomwambia aingize mkono asione haya, aliutumbukiza katikati mpaka kifundo. Ukatoka na karatasi ya nailoni. Akaifungua kwa adabu, taratibu. Nadhani aliamini ni ile sehemu maalumu anayowekewa mgeni. Aliitazama ile saa inayodondosha mafuta, akatutazama sisi, akaniuliza polepole, "Hii inaliwa na nini?"

Dekow alicheka mpaka kilemba kikaanguka mchangani.

Basi sikuwa na la kuficha, nikawaeleza yote, ya baba, ya Hooyo na ya Halima. Saa ikazunguka. Niseme haki: ilipita mikono kumi na minne, nilihesabu, na ikarudi. Wanawake waliishika vizuri, wakaijaribu kwenye mikono yao. Wanaume waliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota nge bila kujua kama amekufa. Abiria wakagawanyika pande mbili, upande wa Hooyo na upande wa Halima, na mabishano yakawa makali kuliko ya sisi wenye msiba. Wengine walisema ni shaba, yule mama wa chai akasema hata mbuzi mmoja hampati. Dekow aliipima kiganjani macho yamefumbwa, vile anavyopima nundu. "Ngamia jike anayekamuliwa," alisema. "Mtoto wake simtoi."

Wakati huo ndipo nilipogundua imesimama. Ile nailoni ilikuwa imepasuka na mafuta yameingia. Mishale ilikuwa inaonyesha saa tano kasoro, na mshale mwembamba haukusogea. Miaka arobaini kwa baba haikusimama. Kwangu mimi haikumaliza siku moja.

WAJIR

Tulivuka laga asubuhi iliyofuata. Mwalimu Wanjala alijiona yeye ndiye aliyeiua saa, mimi nikajiona ni mimi, tukagombania kosa hilo mpaka Wajir. Pale alinilazimisha nikae ninywe chai naye, akaniagizia mandazi sita. Mandazi yalikuwa magumu, nasema hivyo kama mpishi, lakini yalitolewa kwa roho safi.

Sasa mtandao ulikuwepo, akaipiga saa picha na kuitafuta kwenye simu. Jina la juu ya uso wake lilikuwa limefutika, zimebaki herufi tatu za mwisho. Simu ilituletea saa moja inayofanana nayo kama pacha, inayouzwa bei ya lori. Nikaacha kutafuna. Kisha ikatuletea nyingine, nayo pacha, inayouzwa bei ya yale mandazi na chai. Mwalimu alisema lazima jibu liko katikati. Nilimwuliza katikati ya lori na andazi ni wapi. Akasema yeye anafundisha jiografia.

WAJIR MPAKA GARISSA

Sehemu hii ni ndefu kwenye barabara lakini fupi kwenye karatasi. Dekow alikuwa bado pamoja nami, akienda kuangalia bei sokoni. Saa sasa ilikuwa ndani ya leso, imefungwa shingoni mwangu. Kila basi liliposimama, Habaswein, Modogashe, Dekow aliwasimulia watu tusiowajua habari za saa ndani ya nyirinyiri, na kila aliposimulia mkono wa mwalimu ulizama zaidi. Kufika Modogashe ulikuwa umefika kwenye kiwiko.

Kwenye kizuizi kimoja askari aliniuliza nimefunga nini shingoni. Nikamjibu ni saa, ila sijui ni saa ya nini. Alinitazama kwa huruma, akalinusa lile kopo, nikamkaribisha. Alikula vipande viwili akasema nipite. Vilikuwa vya mwisho.

GARISSA, KWA MAMA UBAH

Dekow alinipeleka kwa Mama Ubah, mwenye kibanda cha dhahabu sokoni, halafu akaenda kwenye ngamia zake. Mama Ubah anakaa juu ya mto wa kukalia, bangili zimempanda mpaka karibu na kiwiko, na hana haraka na mtu. Nilimpa saa. Akainusa kwanza.

"Walaal," aliniambia, yaani ndugu yangu, "umeipika?"

Aliifuta, akasugua ukingo wake kwenye jiwe jeusi, ukabaki mstari wa njano. Akaudondoshea tindikali. Alinieleza kwamba shaba ingetokota na kugeuka kijani. Tukauangalia ule mstari pamoja. Haukutokota. Nilimwomba apime tena, upande wa pili, kwa sababu huenda injinia alipaka upande mmoja vizuri. Hakukasirika. Akapima tena.

"Ni dhahabu," akasema. "Si safi kabisa, imechanganywa kidogo vile wanavyofanya wenye saa. Lakini ni dhahabu."

Nilikaa chini. Mama Ubah alidhani ni furaha, akaniagizia soda. Niliinywa bila kujua ni ya rangi gani. Mbele ya macho yangu nilimwona Halima akifungua friji, na nyuma ya friji nilimwona Hooyo akienda tena kuangalia wale mbuzi.

Bei hakuitaja. Alisema yeye ananunua dhahabu, hanunui utumbo. Niende kwa Mzee Mutiso, fundi wa saa, aitoe ile mashine, nirudi na ganda lipimwe kwenye mizani. Sikuwa nimemaliza hata kuvuka barabara Hooyo akapiga simu kuuliza wamesemaje. Nikamjibu bado hatujamaliza kupima. Ilikuwa kweli, utumbo ulikuwa bado ndani. Lakini najua ule ukweli ni wa aina gani, na sikujipenda.

GARISSA, KWA MZEE MUTISO

Mzee Mutiso ni Mkamba aliyekuja Garissa kijana, akasema atakaa mwaka mmoja, hata leo hajarudi kwao Kitui. Kibanda chake kimebanwa na vijana wa kutengeneza simu pande zote. Alifungua kifuniko cha nyuma, akarudi nyuma na kiti.

"Kijana wangu, ndani ya saa nimetoa mchanga, nimetoa maji, nimetoa mpaka mchwa. Nyama ni mara ya kwanza."

Alikisafisha kifuniko kwa brashi ndogo na petroli, akabana kile kioo chake cha kukuzia jichoni. Halafu akakiinua kifuniko kwenye mwanga. Alikigeuzageuza mpaka nikadhani kuna kitu kingine kimekufa humo. Akanionyesha, upande wa ndani wa kifuniko, mikwaruzo midogo ambayo mimi ningeiita uchafu. Alinieleza ni desturi ya mafundi wa saa: kila anayeifungua anakwaruza alama yake ndani, mwenye saa haioni, ila fundi atakayefuata ataiona. Alama zilikuwa tatu. Mbili hakuzijua.

"Hii ya tatu ni yangu," alisema. "Nimeshaifungua mimi saa hii. Umetoka Elwak?"

Nilikuwa sijamwambia nimetoka wapi. Nikasema ndiyo, lakini kwa mashaka, kwa sababu huenda Dekow alikuwa ameshafika huku na hadithi yake. Mzee akaendelea kuisafisha huku akisema mwenye saa alikuwa mrefu, aliivaa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto uliwahi kuumwa na ngamia na kidole cha mwisho hakikunjiki. Hilo Dekow hakulijua. Hakuna mtu Garissa aliyelijua.

"Saa yake ilikuwa nzima," Mzee Mutiso alisema. "Hakuja kutengenezewa, alikuja kuuliza. Aliniambia, fundi, nimepewa zawadi hii na sijui ni kitu gani. Niambie kweli. Kama ni dhahabu naiacha hapa mezani kwako, sirudi nayo."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ni shaba imepakwa." Aliweka bisibisi chini. "Mama Ubah amesemaje?"

Nilifikiria kumficha. Alikuwa mzee, na ananisaidia. Lakini aliuliza wazi, nikamjibu wazi, dhahabu, imepimwa pande mbili.

Alikitoa kile kioo jichoni. Akasema tindikali ya yule mama haikosei, basi yeye ndiye aliyekosea. Wakati ule alikuwa kijana, hakuwa na tindikali wala jiwe, alikuwa na maneno tu. "Ukweli niliangalia saa kidogo nikamwangalia yeye sana. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na viatu vya tairi. Nikajiambia, mtu huyu atatoa wapi dhahabu?" Kisha akaanza kucheka, mabega tu yakitikisika. "Ningesema kweli, ingekuwa yangu. Angalia mimi ninavaa nini." Akanyoosha mkono. Ilikuwa ya plastiki, ya kitoto, imefungwa kwa uzi.

Nilimpigia Hooyo hapohapo. Nilimwambia kwanza ni dhahabu, kwa sababu sikutaka kumpa dawa kabla ya ugonjwa, angejua naficha kitu. Ndipo nikamwambia kuna mtu anataka kusema naye. Mzee Mutiso alisema kwa Kiswahili, na Hooyo Kiswahili chake ni cha kununulia sukari, basi nikawa mkalimani katikati, simu imewekwa juu ya meza, na wale vijana wa simu wote wameacha kazi.

Mzee alikiri yote, hata lile la vumbi. Nilipofika hapo nilisita. Je, unamtafsiria mjane kwamba mumewe alionekana maskini? Nilifikiria kuliruka. Lakini yeye alikuwa amelisema kwa ujasiri, na nikilitoa mimi, ninabaki na hadithi ambayo haina sababu. Nikalitafsiri neno kwa neno.

Vijana wa simu wakasogea karibu na meza.

"Mwambie vumbi alikuwa nalo kweli," Hooyo alisema. "Mfuaji nilikuwa mimi." Na akacheka. Tangu tumzike baba nilikuwa sijausikia mcheko ule. Kisha sauti ikabadilika, akasema nimwulize tena. Je, ni kweli baba alisema ataiacha? Asije akawa anamfurahisha mjane.

Nilimwuliza. Mzee Mutiso aliinama karibu na simu, kana kwamba Hooyo yumo ndani yake.

"Mama, alikuwa ameshaivua kabla sijajibu. Ilikuwa juu ya meza hii. Ni mimi niliyemrudishia."

Hooyo alisema alhamdulillahi mara tatu. Akamwita Halima aje asikie, na mzee ikabidi alirudie neno hilo, na mimi nilitafsiri tena. Kabla ya kukata simu Hooyo alitoa ujumbe mwingine: amemsamehe fundi, ila asimwambie mtu mwingine tena shaba kabla ya kununua tindikali.

KURUDI

Mzee alitoa mashine yote ili kuiosha, nikalipeleka ganda kwa Mama Ubah likapimwa. Bei siitaji hapa, maana ofisi yenu ya walimu ina masikio, lakini nilipompigia Dekow kumwuliza ngamia jike anayekamuliwa anauzwaje wiki hiyo, tofauti ilikuwa mbuzi mmoja. Mbuzi mmoja! Na yeye hakutumia tindikali. Mzee Mutiso alisema saa nzima, ikitembea, inaweza kupata zaidi kwa mtu anayezijua, au isipate mnunuzi kabisa, na hakutaka kuniongopea mara ya pili katika ukoo huo. Aliiunganisha, ikaanza kutembea. Malipo alikataa. Nilimwona akikwaruza alama mpya pembeni ya ile ya zamani.

Nyumbani Hooyo alikuwa ameshaamua kabla sijavua viatu. Saa ihesabiwe kwenye fungu lake la mirathi, na sisi watoto atufidie kwa mbuzi. Halima aliuza wa kwake, na friji mmeiona wenyewe, mnakunywa maziwa yake kila Jumatano. Sheikh alisikiliza habari yote, akatikisa kichwa, akasema yeye hana swali.

Saa anaivaa Hooyo, ameongeza tundu kwenye mshipi kwa sababu mkono wake ni mwembamba. Kusoma saa hajui. Mtu akimwuliza saa ngapi, ananyoosha mkono asome mwenyewe. Lakini akimwuliza kama ni dhahabu, anamwambia akae chini kwanza.